Kadi Iliyotemewa Mate

Kisanduku kilinuka mdomo.

Haikuwa kutu, wala panya aliyefia ndani, wala betri iliyovuja. Harufu hizo Hedwiga alizijua zote, maana ulikuwa mwaka wa tatu anafungua kile kisanduku cha chuma kila Jumamosi asubuhi. Hii ilikuwa harufu ya mdomo wa mtu aliyetoka kulala, mdomo ambao haujaona mswaki siku tatu, tena ya uvuguvugu. Alipoinua kifuniko ilimjia usoni kama mtu aliyemhemea kwa karibu. Akarudi nyuma na kuziba pua kwa ncha ya kitenge.

"Aka! Nani kafanya nini humu?"

Nani angemjibu? Pale juu ya kijiji cha Maji ya Chai, mahali migomba inapokwisha na msitu wa Meru unapoanza, palikuwa na yeye, uzio wa seng'enge wa kampuni, na chemchemi yenyewe imetulia kwenye kivuli na maji yake ya hudhurungi.

Sasa nieleze kazi yake, la sivyo utapotea njiani. Miaka ile ya soko huria, mashamba ya zamani ya walowezi yalianza kukodishwa upya, na kila mwenye pampu na pasipoti akaitwa mwekezaji. Kampuni moja ya maua ikachukua shamba lile pamoja na chemchemi yake. Wanakijiji wakalalamika kwamba maji yanakwisha, na ofisi ya maji ikasema haya, pimeni tuone. Ndipo likaletwa lile dude: sensa ikazamishwa kwenye chemchemi, waya ukapandishwa juu, na ndani ya kisanduku ikawekwa mashine ya kurekodi ambayo shamba zima waliiita loga. Kila nusu saa, usiku na mchana, loga iliandika vitu viwili: kina cha maji kwa sentimita, na joto lake. Kina sitini na mbili, joto kumi na saba. Kina sitini na moja na nusu, joto kumi na saba. Miaka mitatu ilikuwa hivyo hivyo, kazi ya kusinzia.

Kila Jumamosi Hedwiga alichomeka memori kadi kwenye loga, akabonyeza kitufe, na vipimo vya wiki nzima vikamiminika humo. Kisha alishuka ofisini getini, akavitia kwenye kompyuta, akavinakili kwenye kadi ya pili. Kadi ya kwanza alikaa nayo mwenyewe. Ya pili aliitia kwenye bahasha, na gari la maua likaipeleka makao makuu, Kijenge mjini Arusha, kwa sekretari aitwaye Evelyn. Meneja, Bwana Melkizedeki, alikuwa mkali kwa jambo moja tu duniani, na jambo hilo ni nakala. Ukimwambia nyumba imeungua atakuuliza kwanza kama nakala ipo.

Asubuhi ile loga iliikataa kadi. Hedwiga akaichomoa, akaichomeka tena, ikakataa. Basi akafanya alichofanya siku zote. Aliitemea mate kidogo, pale kwenye meno yake ya shaba, akaisugua kwa kitenge, akairudisha.

Msimcheke. Nani kati yenu hajawahi kulamba betri ya redio au kupulizia kaseti? Mafundi wote wa Arusha hutengeneza hivyo, tena vitu vinawaka. Loga ikakubali papo hapo, taa ya kijani ikawaka. Lakini ilipowaka, Hedwiga alisikia kitu chini ya kifuniko. Alisikia kitu kikimeza. Mara moja tu, kwa uzito, kama koo lenye maji.

"Bomba," akajiambia. Akafunga kisanduku haraka, akashuka.

*

Nyumbani kwake palikuwa hapo hapo Maji ya Chai, vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga. Mumewe, Bariki, Mwarusha wa upande wa pili wa mlima, alikuwa fundi seremala na hana makuu. Walikuwa na mtoto mmoja, Princess, miaka minne, mwenye maneno kuliko redio. Hedwiga alikuwa amempata baada ya mimba mbili kuharibika, na alimpenda mtoto yule kwa namna ambayo hata kumwangalia akila kulimshibisha.

Jumamosi ile saa tisa alasiri, salamu za wasikilizaji zikiwa ndiyo zinaanza redioni, Hedwiga alimkuta Princess ameketi kimya juu ya mkeka. Kimya cha Princess si kitu cha kukiacha kipite.

"Una nini mdomoni?"

Princess akatikisa kichwa.

"Princess! Toa!"

Mtoto akafungua mdomo, na juu ya ulimi ilikuwa kadi. Alikuwa ameitoa kwenye mkoba. Ilipoangukia kiganjani kwa mama yake ilikuwa ya moto, na ilitoka na uzi wa ute uliovutika, ukavutika, ukakataa kukatika mpaka Hedwiga akaukata kwa kidole.

"Tamu," Princess akasema.

Hedwiga akamchapa kikofi cha mkono, akaifuta kadi, akaiweka juu ya kabati. Kitu gani kingine angefanya?

Jumatatu saa kumi jioni simu ya ofisini ikalia. Alikuwa Evelyn wa Kijenge.

"Hedwiga, kadi yako imegoma kusomeka. Bosi ananiandama na nakala yake."

"Itemee mate kidogo."

"Nini?"

"Kwenye yale meno ya shaba. Tema kidogo, futa na nguo, rudisha."

"Hedwiga! Uchafu gani huo?" Evelyn alikuwa mtu wa kucha zilizopakwa rangi na leso iliyopigwa pasi. Hata kikombe chake cha chai alikifungia kwenye droo.

"Basi kaa nayo ikugomee mpaka bosi akupate."

Wakacheka wote wawili. Baada ya dakika moja Evelyn akarudi kwenye simu: "Imekubali, bibi. Kutema sijui, nimeilamba. Sitaki hata kufikiria nimefanya nini." Wakacheka tena, wakaagana.

*

Ilianza kama udenda wa kawaida. Kanisani Jumapili kola ya gauni la Princess ilikuwa imelowa, na mama aliyekaa nyuma yao akampa Hedwiga leso. Jumatatu mto wake ulikuwa chepechepe. Jumanne zililowa kanga mbili. Nesi wa zahanati alichungulia koo, akasema ni minyoo, akatoa dawa ya minyoo na vidonge vya Piritoni. Princess alivimeza, na baada ya muda mfupi vikarudi vikielea kwenye udenda vilevile, vizima, havijayeyuka.

Jumatano mchana Hedwiga alimpa uji wa moto. Mtoto akanywa, akatulia kidogo, halafu akatapika sakafu nzima. Uji ulikuwa kiasi kidogo sana. Kilichobaki kilikuwa maji mazito ya hudhurungi, yenye utelezi, yananuka tope la kijani na mdomo wa mtu mzima. Hedwiga alipopiga magoti kuyafuta, kitu kikajikunja ndani yake. Alikuwa ruba. Ruba mnene, hai, anatafuta pa kushika.

Hedwiga akatoka nje akatapika na yeye.

Na hapa ndipo pabaya pa kwanza, wala si ruba. Pabaya ni kwamba aliporudi ndani, mwanawe akamnyooshea mikono abebwe, kidevu kinang'aa, nyuzi za ute zinaning'inia mpaka tumboni, na Hedwiga akasita. Akasita! Mtoto ambaye kwa ajili yake alimlilia Mungu miaka sita. Alimbeba, ndiyo, lakini aligeuza uso pembeni, na Princess akaona.

Kuanzia siku ile mtoto aliacha kuongea. Hakuweza. Akifungua mdomo inasikika sauti ya maji tu. Bariki akaanza kula nje, kwa mama lishe wa stendi, akirudi anasema ameshiba. Kila mmoja alijua kwa nini. Usiku walimlaza kifudifudi pembeni ya beseni, wakapokezana, na sauti ile ya kumeza, gulu, kimya, gulu, iliendelea mpaka majogoo.

Alhamisi Hedwiga aliona unywele mwembamba mweupe kwenye kona ya midomo ya mtoto. Akaushika auondoe, ukaja. Akauvuta, ukazidi kuja, mrefu, mweupe, una utelezi wa ukoga, ukija kutoka ndani kabisa ya koo huku Princess akimtumbulia macho, na ulipofika urefu wa mkono Hedwiga alihisi upande wa pili kuna kitu kimeushika, kinauvuta taratibu kuurudisha ndani, na yeye akauachia kwa kilio, nao ukateleza katikati ya midomo ya mwanawe kama tambi inayofyonzwa, ukapotea.

"Baba Princess," akasema kwa sauti ya chini kwenye kiza cha mlango, "huyu mtoto ana mtu ndani."

Bariki hakumcheka. "Nimejua tangu jana," akasema. "Nimeogopa kusema."

*

Jumamosi alikwenda kazini kwa sababu kazi haimsubiri mtu. Alichomeka kadi ileile, bila kuitemea safari hii, ikakubali, na harufu ya mdomo ilikuwa imejaa mpaka nje ya uzio. Ofisini aliitia kwenye kompyuta, akanakili kama kawaida, halafu macho yakamwendea kwenye vipimo. Akayasugua.

Joto: thelathini na sita nukta nane.

Chemchemi ya mlimani haiwezi kuwa na joto hilo. Isitoshe asubuhi ile ile alikuwa ametumbukiza mkono, maji yakamchoma kwa baridi. Akashusha chini kutafuta kina. Sentimita moja. Moja na nusu. Mbili. Tena loga ilikuwa imeanza kuandika mistari miwili kila nusu saa, mmoja chini ya mwingine, na namba zake hazifanani. Akaona ni hitilafu nyingine, akaufuata ule wa juu.

Akaenda kwenye mwanzo. Mpaka Jumamosi iliyopita saa nane na nusu, kina sitini na mbili, joto kumi na saba. Saa tisa alasiri, kina nusu sentimita, joto thelathini na sita nukta nane.

Saa tisa. Salamu za wasikilizaji. Kadi juu ya ulimi.

Akatafuta Jumatano mchana. Saa saba, joto arobaini na tatu: uji wa moto. Saa saba na nusu, kina kimeshuka kutoka tatu na nusu hadi nusu: kutapika. Kila usiku kina kilipanda, kila walipomwinamisha kwenye beseni kikashuka kidogo, na kila mara kikapanda kupita pale kilipokuwa, yaani kile kitu kilichokuwa chemchemini kilikuwa kimehama, na mashine ya kampuni, kwa uaminifu wake wote, ilikuwa inakifuata na kukipima mle mle kilimohamia, ndani ya kinywa cha mwanawe, nusu saa kwa nusu saa. Mstari wa mwisho ulisema tano nukta nane.

Alifunga ofisi, akakimbia nyumbani, akachukua rula ya Bariki, akaisimamisha shavuni kwa Princess, kuanzia chini ya taya hadi usawa wa tundu za pua. Sentimita saba.

Kwa siku kilikuwa kinapanda karibu sentimita moja. Hedwiga alipiga hesabu mara tatu na kila mara ikatoka Jumapili, kesho yake, kabla ya jua kuzama.

*

Bariki alikuwa na shangazi, Nosim, aliyeuza ugoro na magadi kwenye soko la Tengeru. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye hasira za karibu, na alijulikana kwa kazi nyingine ambayo washarika wenzake hawakuitaja kwa sauti. Siku hiyo ilikuwa ya soko. Walimkuta anagombana na mteja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mmemleta mtoto juani hivi hivi?" Kisha akanusa. Akamwacha mteja na ugoro wake. Akamshika Princess taya kwa vidole viwili, akainusa pumzi yake, na uso ukamkunjamana.

"Engai! Mungu wee! Nani amelitemea hili?"

"Kutemea nini, shangazi?"

"Mate. Kitu hiki hakiji bila mate. Nani?"

Hedwiga akasimulia, sauti ikizidi kushuka: kisanduku, kadi, kitenge. Nosim alimsikiliza akitikisa kichwa kwa uchungu wa mtu aliyeona sufuria nzuri imepigwa nyundo.

"Wewe ni Mchaga. Bibi yako hakukutemea mate ulipoondoka kwenda shule?"

Hedwiga akakumbuka. Marangu, asubuhi ya baridi, bibi akimtemea kifuani na kwenye paji la uso, vitone vya baraka, na yeye akiona aibu mbele ya wenzake.

"Alinitemea."

"Na sisi tunatemea. Mtoto akizaliwa, mgeni akiingia. Mate ni karibu. Pale juu, wazee walichota maji wamefunga midomo, hawasemi, hawatemi, maana mle kuna kitu kinachongoja kukaribishwa. Nyinyi mnaita jini. Sisi hatukukipa jina kisije kikaitika. Ukaja wewe na chombo chenye mdomo, ukakitemea, tena na tena, mpaka kikasikia. Ukakiambia karibu nyumbani."

"Sikujua, shangazi."

"Hujaulizwa kama ulijua."

"Kinatokaje?" Bariki akanong'ona.

"Kwa mdomo. Mtu anaweka mdomo wake hapa," akagusa midomo ya Princess iliyofura, "anakivuta chote, anakwenda kukitema kwake chemchemini. Bila kumeza. Hata tone. Mwenye nacho hawezi kujivuta mwenyewe. Lazima awe mtu mwingine, yeyote yule, mradi asimwonee kinyaa. Akiona kinyaa, koo linafunga, kitu kinarudi na hasira." Akawatazama mmoja mmoja. "Dawa ni rahisi. Mtu wa kuifanya ndiye hapatikani. Nimezika wengi kwa kukosa mdomo mmoja."

Bariki akatazama chini. Sitamlaumu, ila alitazama chini.

"Nitavuta mimi," Hedwiga akasema.

*

Walifika chemchemini saa kumi alasiri, jua liko wazi kabisa, ndege wanapiga kelele zao. Mlinzi wa getini aliambiwa loga imeharibika. Hedwiga alipiga magoti kwenye tope ukingoni, akampakata Princess. Mtoto alikuwa anapumulia pua tu sasa, na pua yenyewe inatoa mapovu. Udenda ulimtoka pande zote mbili, mzito, wa hudhurungi, na ndani yake vitu vidogo vilikuwa vinajongea. Macho yake yalimtazama mama yake. Yalikuwa yakimwangalia kama atageuza uso tena.

Hedwiga hakugeuza uso.

Aliweka mdomo wake juu ya mdomo ule na kuvuta, na kilichokuja kwanza kilikuwa cha vuguvugu na chumvi kama kamasi, kikamjaa mashavu, kisha vikaja vile vidogo vyenye miguu vikimkwaruza ufizi, kisha unywele, mrefu, ukijikunja na kujikunja juu ya ulimi wake kama uzi kwenye gurudumu la cherehani, na koo lake likapanda lifunge, likapanda mara mbili, na yeye akajisemea huyu ni Princess, huyu ni wangu, mdomo huu niliusafisha mimi siku aliyozaliwa, akaendelea kuvuta mpaka mwisho kabisa kikaja kitu kimoja kinene, laini, kilichopitia katikati ya meno yake kwa hiari yake chenyewe, kikalala juu ya ulimi wake, na Hedwiga akatambua kuwa ni ulimi, ulimi wa mzee, baridi, unaopapasa ndani ya mdomo wake ukihesabu meno yake jino kwa jino.

"Usimeze!" Nosim akafoka. "Tema! Tema sasa!"

Akainama juu ya maji akatema. Akatema kwa muda mrefu kuliko mdomo wa mtu unavyoweza kubeba. Maji yakafumba juu yake bila kuruka hata tone, yakatulia. Nosim akainyakua ile kadi mkononi mwa Bariki akaitupa kulekule.

Princess akakohoa. Akajilamba midomo, ikabaki mikavu, imepasuka.

"Mama," akasema, "umenuka."

Hedwiga akacheka mpaka akalia.

*

Jumatatu asubuhi alipanda tena chemchemini na kadi mpya, kabla meneja hajauliza. Alitaka pia kuiona kwa macho yake ile kumi na saba. Princess alikuwa amelala usiku mzima na mto mkavu, ameamka anaomba maandazi.

Aliporudi ofisini alisoma vipimo vya tangu Jumamosi. Mstari wa juu, saa kumi na nusu jioni: kina sitini na mbili, joto kumi na saba. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Saa kumi na moja, vivyo hivyo. Usiku wote, na Jumapili nzima, vivyo hivyo.

Kisha akauona mstari wa chini, ule wa hitilafu.

Joto thelathini na sita nukta tisa. Kina sita nukta moja. Sita nukta tano. Saba.

Princess alikuwa mzima. Na kwa saba mtoto angekuwa ameshazama; huyu ni mtu mzima. Sasa huu ni mdomo wa nani? Akafungua vipimo vya wiki iliyotangulia, akatafuta mahali mstari wa pili ulipoanzia. Ulianzia Jumatatu, saa kumi jioni.

Itemee mate kidogo. Tema kidogo, futa na nguo, rudisha.

*

Ofisi ya Kijenge ilikuwa na harufu ya dawa ya sakafu, na chini yake ile nyingine. Evelyn alikuwa peke yake mezani. Kucha zilikuwa bado na rangi. Shingoni alikuwa amezungusha taulo, na droo ile ya kikombe ilikuwa wazi, ndani yake limewekwa beseni dogo. Liliwahi kuwa jeupe. Sasa lilikuwa limejaa nusu, na juu yake umetanda utando wa hudhurungi unaopumua.

"Hedwiga," akasema. Ilitoka kama maji yanayochemka. Akainamia beseni, ikamtoka kamba nzito, akaifuta haraka kwa aibu. Akameza. Akameza tena. "Samahani. Nisamehe. Sijui hata ni nini. Bosi kasema nikae nyumbani lakini nyumbani niko peke yangu, naogopa kulala. Watu wangu wote wako Machame, sijawaambia. Nitawaambiaje?"

Hedwiga alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekuja amejiandaa. Njia nzima alikuwa amejisemea nitafanya, nimeshafanya mara moja, nitamchukua nimpeleke chemchemini nifanye. Sasa akautazama mdomo wa Evelyn. Rangi ya midomo ilikuwa imechanganyika na ute ikafanya mapovu ya waridi. Kwenye kona, unywele mmoja mweupe ulitokeza, ukatikisika, ukarudi ndani.

Koo lake likafunga. Lilifunga lenyewe, kabla hajaliamuru.

"Nilisikia kwa dereva wa maua," Evelyn akasema, na macho yake yalikuwa yaleyale ya Princess ukingoni mwa maji, "kwamba mwanao alikuwa na ugonjwa huuhuu. Kwamba amepona." Akameza. "Hedwiga, mdogo wangu, mlimfanyia nini?"

Kwenye ukuta saa ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Hedwiga akashika kitasa cha mlango. Kwenye ulimi wake alikuwa bado anausikia ule ulimi mwingine, baridi, ukimhesabu meno.

"Piritoni," akasema. "Piritoni tu, dada. Na maombi."

Akafunga mlango polepole, akashuka ngazi akijifuta mdomo kwa kitenge, akajifuta tena, na mpaka anafika barabarani alikuwa bado anajifuta.